Pikapu Iliyotumika Kuwa Gari la Familia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nimekuwa na dabo kebini, yaani pikapu ya milango minne, nyumbani kwa miaka kadhaa, na kabla ya kuipata nilikagua nyingine nyingi nikaziacha. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa zaidi na watu wanaotaka kufuata njia hiyo. Majibu yana maoni yangu ndani yake, na sijajaribu kuyaficha.

Pikapu inaweza kweli kuwa gari pekee la familia?

Inaweza, kama familia ina kazi ya kuipa: shamba, ujenzi, vifaa vya biashara, barabara mbovu ya kila siku. Kama kazi hiyo haipo, utakuwa unalisha na kuvalisha matairi gari la mizigo ili lipeleke watoto shule. Nayasema hayo huku naipenda yangu.

Kuna jambo la kukubali mapema. Pikapu nyingi hujengwa juu ya chasisi, yaani vyuma viwili virefu vilivyounganishwa na vingine vya kukatisha, mfano wa ngazi. Nyuma kuna springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na zimepangwa hivyo ili zibebe karibu tani moja. Gari likiwa tupu springi hizo hazina la kufanya, kwa hiyo kila shimo linapanda moja kwa moja hadi mgongoni kwa aliyekaa nyuma. Dereva halihisi sana. Wanaolihisi ni watoto na bibi yao, na wao hawakuwepo siku ya kununua.

Ndiyo sababu mimi huanza na siti ya nyuma, halafu chasisi, na injini inakuja ya tatu. Wengi hufanya kinyume. Injini iliyochoka fundi ataifungua na kuitengeneza, lakini siti ya nyuma iliyosimama wima kama ukuta utaishi nayo hadi siku ya kuliuza gari.

Zipo zinazotofautiana. Nissan Navara ya kizazi kilichoanza 2014, ikiwa dabo kebini, katika nchi nyingi ilikuja na koili springi nyuma, badala ya zile za vyuma bapa. Honda Ridgeline haina kabisa chasisi ya ngazi. Imeundwa kama gari dogo, na inatembea hivyo.

Singo, kebini na nusu, au dabo kebini?

Kwa familia, dabo kebini. Ile ya kebini na nusu ina visiti vidogo nyuma vinavyomfaa mtu mzima kwa safari ya dakika kumi, na milango yake ya nyuma, kama ipo, mara nyingi haifunguki mpaka ya mbele ifunguliwe kwanza. Jaribu kumtoa mtoto aliyelala humo wakati mvua inanyesha, kisha unipe jibu.

Singo kebini, yenye siti za mbele tu, sina haja ya kuijadili, isipokuwa kwa onyo moja: kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa (airbag) ambao haujazimwa. Kwenye singo hakuna pengine pa kukiweka.

Siti ya nyuma naijaribuje?

Sogeza siti ya dereva mahali unapokaa wewe kwa kawaida, kisha shuka ukae nyuma yake. Si kwa dakika moja. Kaa gari likiwa linaendeshwa, angalau nusu saa, na sehemu ya njia iwe mbovu. Mwachie mwenzako usukani.

Ukiwa hapo angalia magoti yanafika wapi, kisha mapaja. Watu husahau mapaja. Katika pikapu nyingi sakafu ya nyuma iko juu kwa sababu chasisi inapita chini yake, kwa hiyo magoti hupanda juu na uzito wote wa mwili unabaki kwenye makalio. Kwa kilomita kumi hutaona neno. Kwa safari ya saa nne utaanza kujigeuza kama aliyekalia mawe. Angalia pia mgongo wa siti umelala kiasi gani, maana nyuma yake kuna ukuta wa kebini na hauwezi kulazwa zaidi.

Kisha mikanda. Ihesabu. Katika pikapu za zamani siti ya katikati huwa na mkanda wa kiunoni tu, usiopita begani, na kwa mtoto huo hautoshi. Uvute kila mmoja hadi mwisho, uuachie, uone kama unarudi wenyewe. Mkanda unaorudi kwa kuvutwa vutwa umejaa vumbi au umechoka. Mwisho, tafuta matundu ya kupitisha hewa kwa abiria wa nyuma. Pikapu nyingi hazina, na siku ya joto mbele mtakuwa mnatetemeka wakati nyuma wanatoka jasho.

Kiti cha mtoto kinafungwa vizuri humo?

Nenda nacho siku ya ukaguzi, ukifunge. Huo ndio ushauri wote, kwa sababu maelezo ya kwenye tangazo hayasaidii. Vishikio vya ISOFIX, vyuma vya kunasia kiti cha mtoto, vipo katika dabo kebini nyingi za miaka ya karibuni, lakini ile kamba ya juu ya kiti ni kasheshe. Kwa kuwa nyuma ya siti kuna ukuta, katika baadhi ya modeli kamba hupitishwa kwenye kitanzi cha kitambaa kisha ikanaswa upande wa pili, na katika nyingine lazima ulaze mgongo wa siti ili ukifikie kishikio. Soma kitabu cha gari, maana ukikosea, kamba itaonekana imekaza kumbe haijashika chochote.

Watoto wakae kwenye bodi, safari fupi tu?

Hapana. Bodi, lile sanduku la mizigo la nyuma, halina mkanda, na gari likipinduka au likigongwa hakuna kinachowazuia. Kufunga kanopi, kile kibanda cha juu ya bodi, hakubadilishi kitu, tena kunaongeza hatari nyingine: gari likitembea, hewa huzunguka nyuma na kuvuta moshi wa ekzosi uingie ndani ya kanopi. Kaboni monoksidi haina harufu.

Nyota za usalama niziamini?

Ziamini, ila uliza zilitolewa kwa gari lenye vifaa gani. Mwaka 2016 Euro NCAP, taasisi ya Ulaya inayopima usalama wa magari, ilipoipima Toyota Hilux, gari lenye vifaa vya kawaida lilipata nyota 3, na lile lililoongezewa vifaa vya usalama likapata 5. Umbo ni lile lile. Ukisikia "hii ina nyota tano", muulize muuzaji hii ipi.

Kitu ambacho mimi singekubali kukikosa ni mfumo wa kuzuia gari kuteleza. Pikapu tupu ni nyepesi nyuma, na barabara ikilowa mkia wake hupenda kutangulia. Ulaya mfumo huo ukawa lazima kwa magari yote mapya mwishoni mwa 2014, na Marekani kuanzia modeli za 2012. Kwingine pikapu ziliendelea kuuzwa bila huo. Washa swichi ya gari, injini bado imezimwa: taa yenye picha ya gari na alama za kuteleza iwake, na injini ikishawaka izimike. Isiyowaka kabisa huenda taa yake imetolewa ili kuficha ubovu, au mfumo haupo.

Kuhusu mifuko ya hewa, chukua namba ya chasisi uiingize kwenye tovuti ya mtengenezaji. Mifuko ya kampuni ya Takata ilirudishwa kwa mamilioni duniani kote, baadhi ya Ford Ranger za zamani zikiwemo, kwa sababu inaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma. Kubadilishiwa ni bure, lakini magari mengi yamebadilisha mikono bila mtu kwenda.

Chasisi naikaguaje, na kwa nini unaisisitiza hivi?

Kwa sababu ndiyo inayobeba kila kitu, na ndiyo iliyojificha.

Kuna moja niliyoipenda sana. Rangi inang'aa, siti za ngozi, matairi mapya. Nilipolala chini nikaona chasisi yote imepakwa rangi nyeusi mbichi, nzuri, inanuka bado. Muuzaji akasema ameipaka "ili ipendeze". Nilikuwa na bisibisi mfukoni. Nikaanza kugonga kwa mpini wake kuanzia mbele, mlio ukawa mkavu, ting, ting. Nilipofika juu ya ekseli ya nyuma mlio ukabadilika ukawa kama wa kugonga karatasi ngumu. Nikageuza bisibisi, nikasukuma bila nguvu nyingi, na ncha ikazama yote. Vumbi jekundu likanimwagikia usoni. Muuzaji aliniambia nimemharibia gari.

Kutu ya chasisi huanzia ndani, kwa kuwa vyuma vile ni vya mvungu, na matope yakiingia humo hayatoki. Maeneo ya kugonga ni juu ya ekseli ya nyuma, pale springi zinaposhikiliwa, na kwenye maungio ya vyuma vya kukatisha. Gari lililoishi pwani au kwenye nchi zinazomwaga chumvi barabarani wakati wa theluji likaguliwe mara mbili. Wala usidhani jina kubwa linakinga: Toyota ilikubali Marekani mwaka 2016 kukagua na kubadilisha chasisi za Tacoma za 2005 hadi 2010 kwa ajili ya kutu hiyo hiyo.

Kutu siyo kesi pekee. Chasisi hupinda kwa kuzidishiwa mzigo. Simama ubavuni, mbali kidogo, utazame nafasi kati ya kebini na bodi. Iwe sawa kutoka juu hadi chini. Ikiwa juu imepanuka na chini imebana, mkia umeshuka, na chasisi imekunjika nyuma ya kebini. Fanya hivyo pande zote mbili. Kama upande mmoja ni sawa na wa pili si sawa, gari liligongwa.

Alama za kuchomelea kwenye chasisi mimi huzichukulia kuwa jibu la hapana. Fundi stadi anaweza kuchomelea vizuri, lakini wewe huna namna ya kujua alikuwa fundi gani.

Na injini?

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, jiulize alikuwa anaficha nini, kisha uombe kurudi siku nyingine asubuhi.

Ikiwaka ikiwa baridi, moshi kidogo si tatizo. Mweupe usiokoma huku maji ya rejeta yakipungua ni dalili ya gasketi iliyoharibika. Wa bluu ni oili inaungua. Mweusi mzito ukikanyaga, kwa dizeli, mara nyingi ni nozeli au hewa isiyotosha. Fungua kifuniko cha oili utazame upande wa ndani: utando wa rangi ya chai ya maziwa ni maji yaliyochanganyika na oili, ingawa gari linalotembea safari fupi tupu nalo huweza kuweka kidogo.

Kwa dizeli kuna kipimo ambacho mafundi wa zamani hukitumia. Injini ikiwa inanguruma taratibu, kigeuze kifuniko hicho cha oili ukiweke juu ya tundu lake bila kukikaza. Kikicheza cheza, sawa. Kikirushwa, na moshi ukipuliza kama sufuria inayochemka, ringi za pistoni zimechoka.

Uliza pia kama taimingi, yaani kinachoendesha vali za injini kwa wakati wake, ni ya mkanda au cheni. Hilux ya dizeli (D-4D) ya lita 3.0 ina mkanda; ya lita 2.8 iliyoifuata ina cheni. Mkanda una kilomita zake za kubadilishwa, na asiyeweza kukuonyesha risiti hesabu kwamba haujabadilishwa.

Dizeli au petroli?

Angalia safari zako za kawaida. Dizeli za kisasa zina kichujio cha masizi kwenye ekzosi, na kichujio hicho hujisafisha kwa kuyachoma masizi kwa joto kali, jambo linalohitaji gari litembee kwa mwendo mzuri bila kusimama kwa muda. Kama maisha yako ni shule, soko na nyumbani, kilomita nne nne, kitaziba, na bili yake itafuta kila ulichookoa kwenye mafuta. Kwa mizigo mizito na safari ndefu dizeli haina mpinzani.

Fowili nitaihitaji?

Fowili, yaani magurudumu yote manne kuvuta, huenda utaihitaji mara chache kuliko unavyodhani, lakini ukiinunua iwe inafanya kazi. Fowili za pikapu nyingi hufunga ekseli ya mbele na ya nyuma zizunguke sawa, bila difu ya katikati, ile inayoziruhusu zizunguke kwa kasi tofauti. Kwenye tope sawa. Kwenye lami kavu, ukikata kona magurudumu ya mbele yanataka kuzunguka tofauti na ya nyuma, hayawezi, na kinachoteseka ni giaboksi na shafti. Baadhi ya Mitsubishi zenye mfumo wa Super Select zina difu hiyo ya katikati na zinaruhusiwa kutumia fowili kwenye lami. Usizifananishe na nyingine.

Iweke fowili mahali penye udongo, uingize gia ya kasi na ile ya polepole, usikilize. Liva isiyosogea, au taa inayowaka bila magurudumu ya mbele kuvuta, inamaanisha haijaguswa kwa miaka.

Kilomita zinaonyesha chache. Nifurahi?

Linganisha na vitu ambavyo mtu hakumbuki kuvibadilisha: mpira wa pedali ya breki, ukingo wa siti ya dereva, usukani, kitasa cha mlango. Kilomita elfu sitini hazilambi mpira wa pedali ukabaki chuma.

Kisha nenda kwenye bodi. Inua plastiki inayolifunika, maana chini yake ndiko historia iliko: mabonde ya mawe, kutu, simenti iliyokauka kwenye kona. Ndoano ya tela inakwambia gari limevuta. Mimi siogopi pikapu iliyofanya kazi kama ilihudumiwa na ina kumbukumbu. Naogopa iliyofanya kazi halafu ikavalishwa kama ya harusi.

Tani moja inamaanisha naweza kubeba chochote?

Soma kibao cha uzito kwenye mlango au kwenye kebini, uchukue uzito wa juu unaoruhusiwa, utoe uzito wa gari tupu. Tuseme 3,000 kutoa 2,050: zimebaki kilo 950. Watu watano na mabegi yao wanaweza kula 400. Kanopi ya chuma nayo ina kilo zake, 70 kwa mfano. Ukifunga tela la kilo 2,000, karibu asilimia 10 ya uzito wake inalalia ndoano, hivyo toa 200 nyingine. Sasa una 280, na bado hujapakia mfuko hata mmoja. Ndivyo chasisi nilizozieleza juu zinavyopinda, na aliyezipinda aliamini ana tani nzima.

Mabegi, mvua na vumbi?

Hili ndilo linalowashangaza waliotoka kwenye gari dogo. Huna buti. Kila mfuko ama unakaa miguuni kwa watoto au unakwenda kwenye bodi kukutana na hali ya hewa. Turubai linazuia mvua ya wima. Kifuniko kigumu kinazuia na wezi. Vumbi halizuiwi na chochote kabisa. Linaingia kwa mlango wa bodi kwa sababu hewa ya nyuma ya gari inalivuta ndani, na mpira wa kuziba ukingoni husaidia nusu. Kwenye yetu tunaweka sanduku la plastiki lenye kufuli, limefungwa kamba mbele kabisa ya bodi. Madaftari yanafika masafi.

Niegeshe wapi kitu kirefu hivi?

Dabo kebini nyingi zinapita mita 5.2, na nafasi nyingi za kuegesha huchorwa kwa mita 5 au pungufu. Pima mlangoni kwako kabla ya kulipa, pamoja na geti likiwa wazi. Kamera ya nyuma si anasa kwenye pikapu, kwani mtoto mdogo akisimama nyuma ya mlango wa bodi haonekani kwenye kioo chochote.

Nitafute modeli gani?

Ile ambayo fundi wako anaijua na vipuri vyake vinapatikana karibu. Zaidi ya hapo, jua undugu wa modeli hizi, maana unaweza kukupunguzia bei. Mazda BT-50 ya 2006 hadi 2020 ni ndugu wa Ford Ranger. Ya baada ya hapo ni ndugu wa Isuzu D-Max. Mercedes X-Class ya 2017 hadi 2020 chini yake ni Navara, na Fiat Fullback ni Mitsubishi L200. Mara nyingi ndugu asiye maarufu huuzwa rahisi huku vyuma vikiwa vile vile. Ila vipuri vya nje, kama taa na bampa, huwa vyake peke yake.

Nikishainunua nianze na nini?

Badilisha oili zote, si ya injini tu: giaboksi, difu zote mbili, na kisanduku cha fowili. Maji ya breki na ya rejeta pia. Soma tarehe za matairi ubavuni, tarakimu nne za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Usisahau tairi la akiba linaloning'inia chini ya bodi. Lishushe kwa ule mnyororo wake siku hiyo hiyo ukiwa nyumbani, kwa sababu winchi yake hushikana kwa kutu, na nilijua yangu imeshikana saa tatu usiku, na watoto wawili wamelala ndani.